Kanzu ya Baba Ziada Siku ya Idi Pili

Kitangari,
Newala.
9 Aprili 2025

Mpendwa dada yangu Naima,

Shikamoo dada. Mimi ni mzima, na watoto nao wazima, ila huyu wa mwisho ana kikohozi cha asubuhi, maana ukungu wa huku juu unaujua. Vipi hali yako, na lile goti limetulia? Shemeji Chande ameacha sigara kweli kama alivyokuahidi, au anakwenda kuvutia nyuma ya nyumba? Usimwambie nimeuliza. Mfungo mliumalizaje huko Ujiji? Sisi tuliumaliza salama, tukasali Idi Jumatatu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwa haya simu haifai. Wewe unaweka sauti ya nje na nyumba nzima inasikiliza, na mimi huku majirani wana masikio. Anakuletea mwalimu Anjelina, aliyehamishiwa shule ya huko kwenu. Ni mtu mwema, sina neno naye, lakini bahasha nimeipaka gundi pande zote. Ukiona pembe imeinuliwa, nijulishe.

Mama yuko Newala mjini kwa kaka Dadi. Presha inapanda na kushuka, ila anakula. Mvua mwaka huu ilikatika mapema, mahindi yamejikunja, na tangi letu la maji ya bati halikujaa. Nalilinda kama chungu cha asali. Nakuambia haya ya maji kwa sababu yanahusika huko mbele.

Sasa nije kwa shemeji yako.

Unamjua Swalehe. Tangu nimeolewa naye, Ramadhani humgeuza mtu mwingine. Gongo haigusi, neno chafu halimtoki, tarawehe hakosi, na watoto wanagombania kukaa naye mkekani. Kisha Idi inafika. Anaoga, anavaa kanzu, anasali, anakula pilau langu, anasema anakwenda kuwapa watu mkono wa Idi. Anarudi ameshikiliwa huku na huku. Mwezi mzima unamwagika kwa mchana mmoja. Mwaka jana ndiyo ilizidi: alianguka nje ya msikiti watu wakitoka kusali alasiri, kanzu imepanda juu ya magoti. Ziada alikuwa anapita na wenzake. Hakulia yule mtoto. Alivua kanga ya juu akamfunika baba yake miguu, akaondoka, na tangu siku ile kuna maneno kati yao hayajasemwa.

Na mwaka huu Ziada kapata mchumba. Kijana anaitwa Fakihi, fundi wa pikipiki huko Masasi, mpole, anaswali. Baba yake, Mzee Yassini, ni mtu wa dini sana, na nilisikia aliwahi kuvunja uchumba wa mtoto wake mwingine kwa sababu ya ulevi wa mkwe. Wakatuma ujumbe kwamba watakuja kutuona Idi pili. Nikajiuliza, siku zote zilizopo, kwa nini Idi pili? Nani aliwachagulia? Nikahisi kuna mtu wa hapahapa amewapenyezea kwamba ukitaka kumwona Swalehe alivyo, njoo baada ya mwezi kuandama. Mpaka leo sijui ni nani, ila kuna watu wawili nawatazama.

Kina mama tulikuwa na darsa yetu kila Alhamisi, anatusomesha ukhti Mwanaisha. Alhamisi ya mwisho alituambia kwamba kufunga si kazi kubwa, kazi ni asubuhi ya Idi. Kwamba ulimi tuliouzuia, macho tuliyoyainamisha, subira na kutoa, vyote vikae nasi kwenye mkeka wa pilau, visiachwe msikitini pamoja na juzuu. Nilitikisa kichwa kwa nguvu sana. Nilikuwa namfikiria Swalehe.

Mwenyewe Swalehe, katika lile kumi la mwisho, aliniambia tukiwa tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, ya futari, "Mama Ziada, mwaka huu sirudi kule kilabuni." Nikamjibu inshallah, lakini unaijua inshallah ya mtu asiyeamini. Maneno hayo alishawahi kuyasema. Nikaamua macho yangu yasifumbe.

Na macho yakaanza kuona. Kwanza, alikuwa akinong'ona na Mujibu nyuma ya msikiti. Mujibu unamkumbuka, ndiye aliyekuwa mwenzake wa kilabuni tangu ujana wao. Ramadhani hii naye alikuwa anasali, na safu ya mbele, mtu ambaye mkewe alimkimbia kabla ya mfungo kwa sababu ya pombe hiyohiyo. Walikuwa wakiniona wananyamaza. Pili, siku ya kumaliza mfungo nilimkuta Swalehe anasafisha dumu la njano kwa mchanga na sabuni, analisugua mpaka ndani ya mdomo. Nikamuuliza la nini, akasema la kazi. Tatu, alfajiri ya Idi akaniambia nisimsubiri mchana. Dada, wewe ungefikiria nini?

Basi siku ya Idi tukasali, takbira zikapendeza, watoto wakavaa, nikapakua. Swalehe akala kidogo sana. Mimi nikaingia jikoni nikajifanya nasugua masufuria, lakini nilikuwa natazama kwa upenyo wa ukuta. Nikamwona anazunguka nyuma ya tangi, anatoka na lile dumu, na bega limelala upande. Lilikuwa zito. Nikasema, kumbe ameificha humuhumu kwangu, nyuma ya maji wanayonywa watoto wangu.

Nikajitanda kanga nikamfuata. Nilipita kwa nyuma, kwenye mikorosho, ili asinione. Nyumba ya Mujibu iko mwisho kabisa, pale ardhi inapoanza kuteremka, hakuna mtu anayepita huko. Nikajiambia, mahali wamepachagua vizuri.

Niliwakuta watu watatu wamekaa mkekani nje: Swalehe, Mujibu, na Nikolao, jirani wa Mujibu, yule Mkristo mwenye mguu mfupi, naye amealikwa kula. Kila mmoja ana kikombe mkononi. Dada, sikutoa salamu. Siku ya Idi, kwenye ua wa watu, sikutoa salamu. Nilikwenda moja kwa moja nikakinyang'anya kikombe mkononi mwa mume wangu, nikakinusa mbele yao. Ilikuwa chai ya tangawizi. Nikaliendea dumu nikaweka pua. Maji. Maji ya tangi langu. Na pale pembeni kulikuwa na chungu kimeinjikwa, Mujibu anapika wali, na ulikuwa unaungua.

Nikolao akaangalia chini. Kisha Swalehe akasema polepole, "Ungeniuliza."

Nikamwambia yeye ndiye aliyeficha. Akaniuliza, "Ningekuomba maji ya kumpa Mujibu, ungenipa?"

Nisingempa, na yeye anajua. Nyumba ya Mujibu ni ya nyasi, haivuni maji, na tangu mkewe aondoke hakuna wa kumtekea. Akanieleza mambo yenyewe palepale, nikiwa nimesimama. Walikubaliana nyuma ya msikiti kwamba siku ya Idi wakae pamoja mpaka magharibi, asinyanyuke mmoja peke yake, na wamekaa huko mwisho kwa sababu wale wenzao wa kilabuni hawawezi kupita wakawaita. Aliyasema bila hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Nikarudi nyumbani, na kwaheri pia sikuaga. Njiani aibu ilikuwa inanipanda, lakini dada sitakudanganya, shaka haikutoka. Nilikuwa najiambia leo ni chai, je kesho? Na pengine walinisikia nakuja wakabadilisha vikombe. Nilifika mpaka huko. Ndipo nilipokumbuka darsa, macho na ulimi, nikaona kwamba mfungo wa mume wangu nimeulinda kuliko nilivyoulinda wangu. Wake ulikuwa umekaa mkekani unakunywa chai. Wangu ndio uliofutika kabla ya adhuhuri ya Idi.

Alirudi baada ya magharibi, mkavu, hana harufu ya kitu, akalala.

Idi pili wageni wakafika na Noah ya kukodi, bado adhuhuri. Mzee Yassini, ndugu yake mmoja, na shangazi yake Fakihi. Kanzu ya Swalehe nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi mpaka inasimama yenyewe. Akawapokea vizuri, akaongea vizuri, mazungumzo yakaenda. Ziada alikuja kuwaamkia, akatazama mikono ya baba yake kama haitetemeki. Nilimwona anavyoitazama, maana mimi pia nilikuwa naitazama.

Nilipoleta maji ya kunawa, Nikolao akatokea kwenye uzio anahema. Akamwita Swalehe pembeni. Nikaona uso wa Swalehe unabadilika. Mujibu alikuwa ameamka peke yake asubuhi ile, akashindwa, akaenda kilabuni. Sasa amelala mtaroni kwenye barabara ya kwenda Newala, juani, na watu wanampiga picha kwa simu. Nikolao kwa mguu wake ule asingeweza kumbeba.

Nikasema moyoni, sasa Swalehe atasema Nikolao atafute mtu mwingine, leo ni siku ya mwanangu. Lakini alirudi mkekani, akakaa kitako, akamwambia Mzee Yassini, "Mzee, nina rafiki yangu ameanguka kwa pombe barabarani. Mwaka jana nilianguka mimi, na watu walinitazama hivyohivyo. Naomba ruhusa nikamwinue. Nitarudi."

Dada, nilitamani ardhi inimeze. Jambo ambalo mimi nimelificha kwa mwaka mzima, nimewanyamazisha majirani, nimewatisha watoto, yeye anamwambia mkwe kwa kinywa chake, chakula kikiwa mkekani. Mzee Yassini akasema nenda. Swalehe akaenda na kanzu yake hiyohiyo.

Akachelewa. Wageni wakala, wakanawa, wakasali adhuhuri, Swalehe hayupo. Kile kilabu kiko hatua chache tu na mtaro ule, na mimi najua. Kichwani mwangu alikuwa ameshafika mlangoni, ameshaitwa, ameshakalishwa kwenye benchi. Shangazi wa Fakihi ananiuliza mambo ya upishi, najibu sijui najibu nini. Mara mbili niliichukua kanga yangu kwenye kamba. Mara mbili niliirudisha. Nilijiambia kwamba jana nilikwenda, na nilichokipata nakijua.

Aliporudi, tulimsikia harufu kabla hajavuka kizingiti. Dada, ilikuwa gongo, ya mabibo, ile inayochoma pua. Kanzu ilikuwa na tope upande mmoja, na begani kulikuwa na matapishi. Akasema amembeba Mujibu begani mpaka kwa Nikolao, amemlaza huko, na anaomba radhi kwa kuchelewa na kwa hali aliyonayo. Macho yake yalikuwa mekundu. Lakini mtu aliyebeba mwenzake juani na macho yake si yatakuwa mekundu? Au ni mtu aliyekunywa? Namjua kwa miaka yote hii, na nilishindwa kumjua.

Ndugu yake Mzee Yassini akaziba pua kwa kilemba. Shangazi akaniangalia. Ziada alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Mzee Yassini hakumuuliza Swalehe. Aliniita mimi. Akasema, "Mama Ziada, walevi wote husema wamembeba mwenzao. Wewe ndiye unayeishi na huyu bwana. Amekunywa?"

Swalehe alikuwa pale, karibu kiasi kwamba ningeweza kusogea nimnuse mdomoni, nijue. Mguu wangu wa kulia ulishaanza kunyanyuka, wallahi. Akaniangalia. Hakuniomba kitu kwa macho, alisubiri tu, kama alivyokaa na kikombe mkononi siku moja kabla, mimi nikimjia.

Nikasema, "Hajanywa."

"Una hakika?"

"Hajanywa, mzee."

Mzee akamwambia Swalehe akaoge, wasali alasiri. Wakasali pamoja, Swalehe kavaa shati la kushindia shamba kwa sababu hana kanzu nyingine. Baada ya sala wakaomba kuondoka. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana. Noah ilipokata kona Ziada akaingia ndani akajifungia.

Jioni ile Swalehe alinikuta jikoni. Akasimama mlangoni, akaniuliza nilijuaje kwamba hakunywa.

Nikamwambia, "Sikujua."

Akatoka. Kisha nikasikia anateka maji kwenye tangi. Aliifua kanzu mwenyewe, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, anamwaga tu kama tunakaa mtoni. Sikumwambia neno juu ya maji. Ziada alitoka chumbani, akamwangalia, akaenda akashika upande wa pili wa kanzu wakaikamua wote wawili. Sikusikia wakizungumza, ila walichukua muda mrefu kuliko kanzu moja inavyohitaji.

Dada, naomba ujibu hili kwa sababu wewe umesoma dini kuliko mimi: je, nilisema uongo? Nilisema jambo nisilolijua mbele ya watu waliokuja kuoa. Sikumuuliza ukhti Mwanaisha, maana nahofia atanipa jibu zuri kwa kunihurumia.

Jumamosi Mzee Yassini akapiga simu. Kumbe siku ile walipotoka kwetu waliiambia Noah isimame kwa Nikolao. Walishuka wakamwona Mujibu amelala mkekani, wakamhoji Nikolao, kisha ndugu yake mzee akamhoji peke yake mwenye duka la karibu na mtaro. Wote walisema Swalehe hakukanyaga kilabuni, alimwinua mtu wake mtaroni akaenda zake. Nilicheka niliposikia, kwamba nami nimepata mkwe anayechunguza kama mimi. Wamekubali. Nikaha itakuwa baada ya kuvuna mahindi, hayo machache yatakayopatikana, na wewe nakutaka hapa, usiniletee habari za goti.

Utaniuliza kama sasa nimetulia. Kidogo. Nikolao ni rafiki yao, na mwenye duka anauza sukari kwa Nikolao, kwa hiyo ushahidi wenyewe unaujua. Hili nakuandikia wewe tu. Nafsi yangu imezoea kulinda mlango, na mlango ukifunguka vizuri bado inasimama pale. Lakini mtu ninayemwona anaamka, anakwenda shamba, anasali alfajiri msikitini kama vile mwezi haukuisha. Tumeanza pamoja zile funga sita za baada ya Idi. Yeye ndiye aliyeniomba, akasema asingependa kufunga peke yake. Hajawahi kuniomba hivyo hata mara moja.

Na Mujibu anafuturu kwetu. Siku ya kwanza alikuja akasimama nje, hawezi kuingia. Nikamkaribisha kwa salamu, ile niliyomnyima siku ya Idi. Akaitikia, akaingia. Anafunga, anashindwa, anafunga. Sijui atafika wapi. Nampa maji.

Nisalimie shemeji Chande, na watoto wote, hasa yule anayefanana na marehemu baba. Mwambie Bi Flora, jirani yako, kwamba kitenge kilifika na rangi haikutoka. Mama anakusalimia na anasema umpigie kaka Dadi, si mimi, maana anadhani namficha habari zako. Ziada anakuamkia, shikamoo mama mkubwa.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akubali saumu zenu, na zangu pia kwa jinsi zilivyo.

Ninapoandika hapa alasiri imepita, Swalehe hajarudi kutoka shamba. Leo amechelewa kuliko jana. Nimekwenda kutazama njia mara moja. Sasa nimegeuza kigoda, mgongo wangu uko mlangoni, na uji wa futari umeanza kuchemka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kila siku,

Kibibi
(Mama Ziada)